Aliyeua Olamuriaki wa Koko

Silantoi mwanangu,

Barua hii nitakupa mwenyewe asubuhi, pamoja na kikombe cha chai, kabla gari la Eldoret halijakupitia hapa Kisaju. Tafadhali isome ukiwa umekaa. Ukimaliza utanikuta kwa geti.

Mambo ya blanketi, sabuni na kufunga mlango kwa kufuli mama yako ameshakuambia, na ninavyomjua atakuambia tena mpaka dereva apige honi. Hapo sina la kuongeza. Mimi niko na jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na moja, na wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Jumatatu ulikuwa unaosha viatu, nikaja nikasimama hapo kama mlingoti, ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" Nikasema nataka kujua kama viatu vinakutosha. Jumatano nikakuita nje nikakuonyesha mwezi. Mwezi, jameni! Jana ukanikuta nimeshika simu yako nikakuuliza kama imejaa chaji. Ulicheka ukaenda, nami nikabaki hapo nimekasirika na nafsi yangu.

Kwa hivyo nimemwomba mama yako kalamu yake ya kanisa, na nitaandika hapa juu kabisa, kabla sijapata nafasi ya kuzunguka:

Wewe hukuua olamuriaki wa Koko. Ni mimi.

Nimeandika hivyo nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kukagua mbuzi ambao hawana shida yoyote. Sasa nimerudi. Wacha nikueleze vile ilikuwa, bila kujipendelea.

Unaukumbuka ule mti? Ulikuwa hapo kwa geti, upande wa kulia ukiingia, umenizidi kimo, miiba yake mirefu inashika mtu nguo akipita na haraka. Baada ya mvua ulikuwa unatoa maua meupe madogo, yenye wekundu kidogo kwa nje, na jioni harufu inaingia mpaka jikoni inashindana na vitunguu vya mama yako. Halafu matunda, mekundu kwanza, yakiiva meusi. Ulikuwa unayala mpaka meno yanabadilika rangi. Na wakati wa kiangazi, wakati Kajiado yote imekuwa rangi ya jivu na mbuzi wanatafuna makaratasi barabarani, ule mti ulibaki kijani kana kwamba hakuna aliyeuambia kuna ukame.

Mama yangu, Koko wako, alitoka nao Rombo. Siku alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, mama yake alimfungia matunda kwenye ncha ya shuka, akamwambia ale njiani lakini mbegu asitupe. Akafika hapa na mbegu kwa kiganja. Kwao hakurudi kukaa tena. Mama yake alikufa Koko akiwa amebeba mimba yangu, hakumzika. Kwa hivyo mtu akisema ni kichaka tu, kwamba milimani viko vingi, huyo hajui ni nini kilikuwa kimesimama kwa geti yetu. Mimi nilijua. Hilo ndilo linaniuma zaidi, Silantoi, kwamba nilijua.

Tena Koko mwenyewe ndiye alinifundisha kuchimba mizizi yake nikiwa na mbuzi, nikiwa mdogo kuliko vile wewe ulikuwa. Mzizi wa olamuriaki ni dawa, unachemshwa kwa supu, watu wa mama yako pia wanaujua, wao wanauita mukawa. Lakini una sheria. Unachimba upande mmoja tu. Unachukua mzizi wa unene wa kidole, mmoja au miwili. Ule unaoshuka chini wima hauguswi hata ukiwa unakufa. Unarudisha udongo, unaupigapiga na kiganja, na mti huo unauacha upumzike mpaka mvua mbili zipite. Na mti wa geti ya mtu hauchimbwi kabisa. Huo ni wa nyumba.

Sasa sikia ujinga wa baba yako.

Nilikuwa mgeni pale kwa bucha Kitengela, sijamaliza hata miezi mitatu. Wateja wa Jumapili walikuwa wanaume wa mji, wenye maneno, wanakula mbavu na kunitania. Jumapili moja mmoja wao akanitazama nikikata nyama, akasema, "Nyinyi Wamasai wa siku hizi ni shuka tu. Hamjui hata dawa moja." Wenzake wakacheka. Nami kichwa kikapata moto. Nikawaambia, "Subirini Jumapili ijayo, nitawapikia supu mtakayoongea mpaka Krismasi."

Wiki ikapita. Mizizi ningeipata kule mlimani, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, najua hata mahali. Lakini Jumamosi nilitoka kazini nimechoka, nikalala. Jumapili alfajiri nikaamka, na wale watu walikuwa wananingoja. Mlima uko mbali, na mti uko hapo kwa geti.

Kilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama simiti. Nikabeba ndoo mbili za maji, nikamwaga ili udongo ulainike, nikachukua sururu. Nilikusudia upande mmoja, haki ya Mungu. Mzizi wa kwanza ukawa mwembamba. Nikajaribu upande wa pili, nikapata mzuri, nikaufuata. Nikaona mwingine. Mkono wa bucha ukishashika kitu cha kukata hauulizi. Kufika mwisho nilikuwa nimeuzunguka wote, na ule unaoshuka wima nikaukata pia, kwa sababu ulikuwa mnene na nilitaka waone. Nikarudisha udongo, nikaupigapiga na kiganja kama nilivyofundishwa, eti hapo ndipo nilikumbuka sheria. Nyayo zangu nikazifuta na tawi, kama mwizi wa kuku.

Supu ilikubali. Wale wanaume walitoka jasho, wakapenga kamasi, wakanipigia makofi, na yule mwenye maneno akanipa jina: Daktari. Unajua hilo jina. Mji mzima wa Kitengela unaniita Daktari, na wewe uliwahi kuwaambia rafiki zako ni kwa sababu baba yako hukata nyama kwa usafi. Nilikuwa hapo nikikusikia. Hapana, mwanangu. Hilo jina nililipata kwa mti wa Koko, na kila mtu akiliita mimi husikia kitu kingine.

Jumapili ile ile, nikiwa nimeshaenda kazini na gunia langu, Koko alitoka akaona udongo umeloa. Akauliza, "Nani amemwaga maji hapa?" Nawe, kwa sababu ulikuwa mtoto asiyejua kuficha, ukasema, "Ni mimi, Koko, jana nilimwaga maji ya vyombo." Na ni kweli ulikuwa unamwaga hapo, karai moja ukishaosha vikombe, kwa sababu karibu na tangi palikuwa na matope. Mama yako ndiye alinisimulia jioni, akicheka. Ningesema jioni ile ile. Ningesema tu, "Mama, ni mimi, nilichukua mizizi." Angenitukana, angelala na njaa kwa hasira, na kesho yake tungeuwekea kivuli na maji pengine ukapona. Sikusema.

Majani yakapoteza mng'aro. Yakawa manjano. Mwezi haukuisha ukawa kuni.

Siku ya hukumu unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiandike, maana sijawahi kukupa hata nafasi ya kuiongelea. Tulikuwa tunakunywa chai. Koko akaingia na tawi kavu mkononi, ukasimama, ukainamisha kichwa akuguse kwa salamu kama kawaida. Hakukugusa. Akauliza, "Silantoi, yale maji yalikuwa na sabuni?"

"Ndio, Koko."

"Umemwaga mara ngapi?"

"Mara mingi."

Ulikuwa na miaka tisa. Koko akasema, "Umeua mti wa mama yangu." Halafu akasema lile neno lingine, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa: "Mtoto huyu ana mkono mkavu."

Wewe uliniangalia. Hukumwangalia mama yako, uliniangalia mimi. Nilikuwa na kikombe karibu na mdomo. Na mimi baba yako, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nilikuambia, "Mwambie Koko pole."

Ukasema pole.

Nimejaribu kutafuta jambo baya zaidi nililowahi kufanya maishani, na nimewahi kufanya mengi, nimelewa, nimepigana, nimemdanganya mama yako. Lakini hakuna linalofika hapo. Kunyamaza kungekuwa dhambi moja. Mimi nilikutuma ukaombe msamaha wa dhambi yangu, nawe ukaenda kwa adabu.

Halafu nilikuwa nikijiambia nitasema kesho. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kitu cha kutisha ni kwamba ilizidi kuwa rahisi. Siku ya kwanza sikulala. Baada ya mwaka nililala vizuri. Kilichokuwa kinaniamsha ni wewe.

Kila msimu wa kupanda nilikuona, mtoto ambaye mbegu ikipita mkononi mwake eti itakauka. Koko anagawa mbegu kwa watoto wote, mahindi kwa huyu, maharagwe kwa yule, akifika kwako anasema, "Wewe shika jembe." Hakuwa anasema kwa ubaya, ilishakuwa mazoea ya nyumba. Ukachimba mashimo miaka kumi na moja, na wenzako wakija nyuma wanaangusha mbegu. Ile siku kanisa letu lilipanda miti, kila kijana akapewa mche wake, nilikuwa nimesimama na wazee nikakuona unampa mtoto wa jirani mche wako auingize kwa shimo. Wewe ukafukia tu. Hata hukuhuzunika, ulifanya kama mtu aliyezoea mguu mbovu. Nilienda nyuma ya choo cha kanisa nikalia, halafu nikaosha uso nikarudi kusalimia watu.

Na mwaka jana yule mwalimu wako wa kilimo akanipigia simu. Alisema hajawahi kufundisha mtoto anayeelewa mimea kwa kichwa namna hiyo, kwamba nikubali akutafutie nafasi ya kusomea kilimo cha nchi kame. Nikafurahi kijinga, nikakimbia kukuambia. Ulikuwa unakuna nazi ya mama yako. Hukuinua hata macho. Ukasema, "Baba, mimi nataka kazi ya vitu visivyoweza kukauka. Nitasomea stima."

Nikasema, "Stima ni kazi nzuri." Hayo ndiyo maneno yangu. Tena nikakuambia mafundi wa stima hawakosi kazi Kitengela, na majumba yanavyomea huko. Ungedhani nilikuwa nimepewa bahasha nikulaghai.

Usifikiri nilikaa tu mikono mitupu miaka hiyo yote. Hiyo pia nataka uijue, si ili unisamehe, bali kwa sababu nimejifunza kitu ambacho ni haki yako. Nilijaribu kuurudisha ule mti kisirisiri. Mara tatu nilimtuma dereva wa lori aniletee matunda ya olamuriaki kutoka Rombo, kule kule kwao Koko, nikapanda kwa mikebe ya mafuta nyuma ya bucha. Wazo langu lilikuwa siku moja niusimamishe kwa geti, kila mtu afurahi, na jambo liishe bila mtu kusema. Unaona ujanja wa mtu mwoga?

Mara ya kwanza nilianika mbegu kwa bati juani wiki mbili, nikidhani zinafanana na mahindi. Hazikuota hata moja. Mbegu ya olamuriaki haipendi kukaa wala jua kali, inakufa ndani kwa ndani ukidhani iko sawa. Mara ya pili nikapanda mbichi, zikaota, Mungu wangu, nilicheza peke yangu kati ya mifupa. Halafu nikazimwagilia asubuhi na jioni, maji ya kutosha, kwa hofu zisikauke. Zikaoza shingo zikaanguka. Mara ya tatu nikamwuliza mama mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Namanga. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe unaulisha kama mtoto wa kizungu," akasema. "Huu ni mti wa shida. Upe shida kidogo."

Akanifundisha, nami nakufundisha. Chukua tunda lililoiva jeusi kabisa, ule nyama yake, usione haya. Osha mbegu utoe utelezi, ziweke kivulini siku moja tu, kisha upande kabla wiki haijaisha. Udongo, mchanga na mavi makavu ya mbuzi, changanya mpaka maji yakimwagwa yapite, yasikae. Mbegu iingie kina cha ukucha wa kidole, si zaidi. Maji kidogo, udongo ukauke juu kabla ya kuongeza. Karibu mwezi hivi utaona kijani. Kivuli kidogo mwanzoni, na uzungushie miiba, kwa sababu mbuzi wanaupenda na hawana heshima. Ukifika urefu wa mkono, mvua ikianza tu, uhamishe mahali pake. Mwaka wa kwanza na wa pili hautakua, utakaa tu pale unakuangalia, utadhani umekufa. Haujafa, unatengeneza chini. Ukishashika, uache. Kiangazi kikija usikimbie na ndoo.

Huo wa tatu uko hai. Mmoja tu. Na nimeua zaidi ya ishirini kuupata huo, Silantoi. Mimi niliyekaa na kikombe changu mkononi siku ulipoitwa mwenye mkono mkavu.

Na maji ya sabuni? Nilimwuliza yule mama pia, nikijifanya nauliza tu. Alisema mti mzima wa kimo hicho, uliopita ukame wote huo, hauwezi kuuawa na karai la vyombo. Moyoni nilikuwa najua.

Sasa nifike Jumapili iliyopita. Ulikuwa umeenda Kitengela kuaga rafiki zako. Koko alikuwa nje na ungo, anachagua maharagwe. Nikakaa chini, kwa udongo, si kwa kiti. Akaniangalia, akajua kuna neno. Nikamwambia yote, ile alfajiri, ndoo mbili, sururu, gunia, Daktari. Sikumwangalia usoni.

Unajua aliuliza nini kwanza? Aliuliza, "Ulichimba upande gani?"

Nikasema, "Pande zote, mama."

"Na ule wa chini?"

"Nao."

Akaweka ungo chini. Nilingoja kelele, unamjua Koko. Alikaa mpaka kuku wakaja wakaanza kula maharagwe, na hakuwafukuza. Halafu akasema, "Lemayian, mdomo huu ndio ulisema mtoto ana mkono mkavu. Na mdomo huu huu ndio namwombea nao kila asubuhi. Sasa hayo maombi yalikuwa yanaenda wapi?"

Mama yangu alilia, na mimi sijawahi kumwona akilia tangu tumzike babu yako. Alitaka kuinuka pale pale aende Kitengela kwa miguu akutafute. Nikamwomba aniachie, kwamba ni mimi niliyekunyima ukweli na ni mimi wa kukurudishia. Akafikiri. Akasema, "Haya. Lakini mtoto akiingia kwa gari kabla hajajua, nitamwambia mimi, mbele ya dereva na majirani na pasta akiwepo." Na unajua angefanya. Mama yako naye nimemwambia usiku huo. Hajaniambia neno lenye zaidi ya silabi mbili tangu hapo, kama hukuwa umeelewa kwa nini.

Nikamwambia Koko niko na mche wa Rombo nyuma ya bucha, niulete tuuweke mahali pa ule. Hapo ndipo kelele ilikuja. "Huo ni wako! Kaa nao huko na mifupa yako! Mahali pale si pa kuzibwa na wewe."

Kisha akanichukua kwa mkono, polepole, tukaenda mpaka silanga, pale mnaponyweshea mbuzi. Unajua lile jiwe pana ulilokuwa unakalia ukiwa mdogo, na mfuko wa matunda ya Koko, unakula na kutema? Nyuma yake kuna olamuriaki. Ni mkubwa, unanifika kifuani, na una matunda. Mimi nilikuwa nimeuona zamani nikapita. Koko hushuka huko mara chache siku hizi, lakini alikuwa ameuona mwaka juzi, akafikiri ni wa porini. Sasa akasimama hapo akaniambia, "Nani alikuwa anakaa hapa?"

Mwanangu, ningetaka sana kukuandikia kwamba wewe ndiwe uliyeupanda, kwamba mti wa Koko haukufa, ulipita kwa mdomo wako. Koko anaamini hivyo kabisa, na amekataa kusikia kingine. Mimi sijui. Labda ni wewe. Labda ni ndege. Ndege nao wanakula na kutema, na hawana jiwe la kukaa. Sitakudanganya tena hata kwa kitu kitamu. Ninachojua kwa hakika ni kimoja: ule wa geti haukuuawa na wewe. Hilo lishike, hilo lingine uliamue mwenyewe ukipita hapo.

Jana tulichuma matunda, Koko na mimi. Kasema nisiyale, kayala yeye, na zile mbegu kaziosha kwa maji safi na kuziweka kwa kikombe chake cha bati. Ziko tano. Kikombe kitakuwa kwa dirisha.

Leo mchana, nyinyi mkiwa kwa fundi wa sanduku, nimechimba pale pale kwa geti, upande wa kulia ukiingia. Nimekutana na kisiki cha ule wa zamani. Bado kina alama za sururu yangu, miaka yote hii. Nilikitoa nikakaa nacho kidogo. Shimo nimelijaza tena udongo, mchanga na mavi ya mbuzi, nimezungushia miiba, nimeacha nafasi ya mtu mmoja kuchutama. Koko atakuwa hapo. Anasema hataki kukuambia kitu kirefu, anataka tu akuone ukiingiza mbegu kwa kidole chako, na uiname akuguse kichwa. Kama hatapata hilo anasema atakubali, ila atakuwa hapo.

Si lazima ufanye. Nisikie vizuri. Ukitaka kupita na sanduku lako moja kwa moja mpaka kwa gari, pita. Ukiwa na hasira nami, na una haki, usinipe mkono. Kama unaipenda stima, nenda ukasome stima na uwashe nchi nzima. Kama uliichagua kwa kuogopa, yule mwalimu bado ana simu yake na mimi bado nina namba. Sitakusukuma popote, nimeshakusukuma vya kutosha ile siku ya chai.

Na ukipanda zisipoote, si mkono wako. Tano zikipandwa huota mbili, tatu, na wakati mwingine hakuna. Muulize Daktari.

Nikimaliza hapa nitaifunga barua na kuiweka chini ya sufuria ya chai mpaka asubuhi nikupe, ili usiku nisipate njia ya kuirarua. Asubuhi ukitoka utaniona nimesimama kando ya geti, upande wa kushoto. Sitabeba jembe, sitabeba maji, sitakushikia hata kikombe cha mbegu. Mikono yangu itakuwa mfukoni yote miwili, ili siku moja mti huo ukisimama, pasiwe na mtu wa kusema ni wa Daktari.

Baba yako